Betri ya tatu haionekani, na mkwe anasema ni meno

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi mitano, na nina ujauzito wa miezi saba. Tunaishi Mbagala, nyumba ya kupanga, chumba na sebule, uani tunachangia na wapangaji wengine wanne. Mume wangu ni fundi magari, anatoka alfajiri na kurudi usiku. Mimi natengeneza sabuni ya maji na dawa ya chooni hapohapo nyumbani, nawauzia majirani na maduka ya mtaani. Mama mkwe amekuja kutoka Korogwe kunisaidia mpaka nijifungue, na kwa kweli ananisaidia sana. Kupika, kufua, kumbeba mtoto, vyote anafanya bila kuombwa.

Jumapili shemeji yangu alimletea mtoto gari la kuchezea kutoka Kariakoo, lile la kuwaka taa na kupiga muziki. Mtoto amelipenda mno, analala nalo. Jana asubuhi nikaona haliwaki. Kuligeuza, kifuniko cha chini hakipo. Ndani huwa na betri tatu za saa. Mbili nimezikuta kwenye mkeka. Ya tatu sijaiona mpaka sasa. Nimepekua godoro, uvungu, nguo zake, hadi ndani ya nepi.

Mtoto anacheza na homa hana. Ila tangu jana anatoa udenda mwingi na uji anausukuma, anataka ziwa tu. Mkwe anasema ni meno, niache kumtia mtoto mkosi kwa kuwaza mabaya. Mimi moyo haujatulia.

Na si betri tu. Wiki iliyopita nilimkuta ameshika chupa ya maji ya nusu lita niliyotia dawa ya chooni, anatafuna kizibo. Nilimpiga kofi la mkono, akalia, na mkwe akanijia juu. Akasema yeye amezaa saba, amepikia kuni, ameweka mafuta ya taa chini ya meza, na wote wako hai. Anamtafunisha karanga za kukaanga, na amemvisha kamba ya shanga shingoni. Nikisema, naonekana simheshimu. Mume wangu naye anasema mtoto wa kiume asilelewe kwa woga, akiungua siku moja ataelewa. Anataka pia kumnunulia mtoto ajaye kile kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea.

Shangazi, nianzie wapi kwenye nyumba ndogo namna hii? Vitu gani vya kuchezea nivitupe? Na nizungumze vipi na mkwe wangu bila kuvunja nyumba?

Mama wa Mbagala

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wajue kwanza kwamba barua hii haikusubiri zamu yake. Ulikuwa umeacha namba ya simu chini, nikakupigia jioni ileile nikakuambia mbebe mtoto uende hospitali yenye eksirei, usimlishe kitu njiani. Ulikwenda. Akapigwa picha kuanzia shingoni hadi tumboni, betri haimo. Daktari akamulika pua na masikio, hamna. Akamfungua kinywa, akakuta fizi za nyuma zimevimba, magego yanatoka. Mkwe wako alikuwa amesema kweli.

Mwambie hivyo waziwazi, kwamba alipatia. Halafu mweleze taratibu kwa nini safari ile haikuwa ya bure. Udenda, kukataa chakula, kikohozi, kulialia: meno yanaleta hayo, mafua yanaleta hayo, na betri iliyokwama kooni inaleta hayohayo. Hakuna bibi, nesi wala daktari anayeweza kuvitofautisha kwa macho. Mara nyingi hakuna aliyemwona mtoto akimeza. Kwa hiyo mama akiniambia betri moja haionekani, mimi nahesabu imemezwa mpaka picha iseme vingine, na ukifika mapokezi sema neno "betri" kabla ya neno jingine lolote, maana kwenye picha inaweza kudhaniwa sarafu, na sarafu inaweza kusubiri. Betri haisubiri.

Wewe utanielewa haraka kuliko wengi, kwa sababu ya kazi yako. Watu hudhani hatari ni betri kupasuka tumboni ikavuja. Hatari kubwa ni nyingine. Ikikwama kwenye umio, ile njia ya chakula, mate yanaunganisha pande zake mbili na umeme unaanza kupita kwenye nyama laini. Upande wa hasi hutengenezwa hidroksaidi ya sodiamu. Ndiyo kostiki, ileile ya malighafi zako za sabuni, inayokubabua vidole ukiishika bila glovu. Inatengenezwa palepale kooni mwa mtoto, na ndani ya saa 2 inaweza kuwa imeunguza vibaya. Inaendelea kula nyama hadi inatoboa, na jirani ya umio kuna koo la hewa na kuna mishipa mikubwa ya damu. Wapo watoto waliotokwa na damu siku nyingi baada ya betri kutolewa na wazazi kudhani yameisha. Na betri iliyochoka, isiyowasha tena hata taa ya gari, bado ina nguvu ya kutosha kufanya haya yote.

Zile za gari la shemeji ni ndogo, upana wa sentimita 1 hivi. Nyingi hupita zenyewe, ila ikiingia puani au sikioni inaunguza vilevile. Zinazonitisha zaidi ni zile pana, za volti 3, zenye upana wa sentimita 2, kwa kuwa ndizo zinazonasa vizuri kwenye koo la mtoto wa umri huu. Zinakaa kwenye rimoti ndogo, kwenye taa za mapambo, kwenye funguo za magari, na kwenye mizani midogo ya kidijitali. Kama malighafi zako unapimia mzani wa namna hiyo, ugeuze leo utazame kifuniko chake. Na baba yake akirudi na ufunguo wa gari la mteja mfukoni, ukae mahali pa juu, asipewe mtoto auchezee ili anyamaze. Betri zilizokwisha zizungushie selotepu pande zote mbili, uzitoe nje ya nyumba siku hiyohiyo.

Ukimwona amemeza, au ukishuku kama ulivyoshuku juzi, usimtapishe na usimpe chakula wala maji. Kitu kimoja kinaruhusiwa kwa mtoto aliyetimiza mwaka na anayeweza kumeza, kama hazijapita saa 12: asali halisi, vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita, mkiwa njiani. Asali haiitoi betri. Inaipaka na kupunguza kasi ya kuunguza wakati mnaelekea hospitali. Kama asali haipo ndani, usiende kuitafuta dukani, panda bajaji. Na kwa huyo utakayemzaa, asali ni mwiko kabisa mpaka atimize mwaka, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga hadi ashindwe kupumua.

Marekani walipitisha sheria mwaka 2022, baada ya mtoto wa miezi 18 kufariki kwa betri ya rimoti, kwamba bidhaa zenye betri hizi lazima kifuniko chake kihitaji kifaa kama bisibisi, au miondoko miwili tofauti ya mkono inayofanywa kwa wakati mmoja. Wewe tumia kipimo hichohicho ukiwa Kariakoo: geuza kitu, tafuta skrubu. Kama kifuniko kinafunguka kwa ukucha, kirudishe mezani hata kama muuzaji anakupunguzia bei.

Hapo tumeshaingia kwenye vitu vya kuchezea. Gari la shemeji litoe ndani. Shemeji mpigie umshukuru kwa moyo wake, na umwambie lilivunjika kifuniko, basi. Vilivyobaki vipime kwa lile bomba gumu la katikati ya karatasi ya chooni. Kitu chochote kinachopita humo kinaweza kuziba koo la mtoto wa chini ya miaka 3. Wataalamu wa viwango wana kipimo chao cha silinda chenye upana wa milimita 31.7, bomba lako ni pana kidogo, kwa hiyo ukilitumia umejiongezea usalama. Pitisha humo gololi, vizibo vya soda, magurudumu yanayong'oka, vichwa vya midoli midogo. Mdoli wa mitumba mvute macho na pua kwa nguvu zako zote, kisha kagua mishono, kwa sababu wengine wamejazwa chembe za plastiki. Kwenye boksi tafuta alama ya duara jekundu yenye uso wa mtoto na namba 0-3, imekatwa kwa mstari. Wazazi wengi huisoma kwamba kitu hiki ni cha watoto wa miaka sifuri hadi mitatu. Maana yake ni kinyume: wa chini ya miaka 3 asipewe.

Vitu viwili naomba visiingie kabisa. Cha kwanza ni maputo. Puto lililopasuka, au ambalo halijapulizwa, ni miongoni mwa vichezeo vinavyoua watoto wengi zaidi kwa kuwaziba pumzi, maana kipande cha mpira ule kinajibandika kwenye koo la hewa na hata ukimpiga mgongoni hakiachii. Sherehe ikiisha, okota kila kipande kabla mtoto hajashushwa chini. Cha pili ni sumaku ndogo zenye nguvu. Akimeza moja inaweza kupita. Akimeza mbili kwa nyakati tofauti zinavutana kutoka sehemu mbili za utumbo, zinabana kuta katikati yake na kuzitoboa, na mtoto anaonekana kama anaumwa tumbo la kawaida.

Usihuzunike kwamba atabaki bila kitu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anafurahia sufuria na mwiko, vikombe vya plastiki vya kupanganisha, boksi kubwa la kujificha, kitambaa cha kuvuta kutoka kwenye kopo lisilo na ncha kali. Umri wake ni wa kujaza na kumwaga.

Sasa nije kwenye jambo ambalo uliligusa kwa mistari miwili tu kwenye barua, nami naliona kubwa kuliko betri. Ile chupa ya maji.

Nilifanya kazi wodi ya watoto kabla ya kustaafu. Kuna mtoto wa kike wa miaka miwili hivi ambaye sijamsahau. Baba yake aliingia naye mkono mmoja, mkono wa pili ameshika chupa ya maji ya kunywa, lebo yake nzima, na ndani kumebaki kidole kimoja cha dawa ya chooni isiyo na rangi. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika kuwa myeupe na ulimi umevimba. Alikuwa hamezi hata mate yake, yanachuruzika tu hadi kwenye gauni. Hakufa. Lakini umio ulipopona uliacha kovu, kovu likaubana, na kwa muda mrefu alilishwa kwa mpira uliopitishwa kwenye ngozi ya tumbo. Alikuwa akiletwa mara kwa mara kutanuliwa koo, na kila akiona mlango wa chumba kile anajishikilia kwenye kanga ya mama yake. Aliyeuza dawa ile alikuwa jirani, mama mwenye watoto wake, ambaye aliingiza kitu kikali kwenye chupa aliyoiokota ikiwa safi.

Nakusimulia kwa sababu na wewe ni mama wa kazi hiyo, na najua unajali. Mtoto wako alipoishika ile chupa hakuwa mtundu. Tumemfundisha sisi wenyewe kwamba chupa ya umbo lile ni ya kunywa, anaiona kila siku mikononi mwa watu wazima. Kwa dawa ya chooni sina makubaliano na wewe: kuanzia leo isiingie tena kwenye chupa ya maji, soda wala juisi, si ya kwako ndani wala ya kumuuzia mteja. Nunua madumu madogo yenye mpini, ya rangi moja isiyopitisha mwanga, yaandike kwa rangi isiyofutika, na umtoze mteja dumu la kwanza tu, akirudi aje nalo ujaze. Utapoteza baadhi ya wateja wa mia tano mia tano, nalijua hilo, na mwezi wa kwanza utauma. Maduka yatakufuata, kwa kuwa nayo yanaogopa kesi. Sabuni ya maji haina ukali wa namna ile, lakini ile rangi ya machungwa na harufu ya limau inamwambia mtoto ni juisi, na povu likiingia mapafuni ni balaa. Kwa hiyo nayo ihame, hata kama itachukua muda kidogo zaidi.

Malighafi zako, yaani kostiki, salfoniki, asidi ya dawa ya chooni, zikae ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, kama yale ya wanafunzi wa bweni. Kuziweka juu ya kabati hakutoshi, kwa sababu mtoto atakayepanda stuli yuko njiani, na chombo kikianguka kutoka juu kinammwagikia usoni. Siku ya kuchanganya, bibi atoke na mjukuu wake wakatembee mpaka umemaliza, umesuuza vyombo na kufunga kufuli. Mafuta ya taa yafuate sheria hiyohiyo. Mtoto akinywa mafuta ya taa, tumbo silo linalopata taabu kubwa. Taabu ni pale yanapoteleza kuingia mapafuni, na yanaingia zaidi akitapishwa. Ndiyo sababu nasema na nitarudia mpaka nichoke: akinywa mafuta ya taa, asidi au kostiki, hatapishwi. Hapewi maziwa, wala mayai mabichi, wala mafuta ya kula. Mfute kinywa, suuza midomo na ngozi kwa maji, mvue nguo zilizolowa, beba chombo alichonywea, nenda.

Kuna kitu kingine ndani ya nyumba yako ambacho hukukitaja, na kwa ujauzito wa miezi saba nina hakika unacho: vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki. Vingi ni vyekundu, vimepakwa utamu, na viko kwenye mkoba unaoning'inia mlangoni. Madini ya chuma yaliyomo yanamfaa mama, ila mtoto mdogo akila kiganja kimoja anaweza kufa. Kinachodanganya ni kwamba anatapika na kuharisha, kisha anaonekana amepata nafuu kwa saa kadhaa, ndugu wanashukuru Mungu, halafu anazidiwa. Vitie kwenye sanduku la kufuli, kwenye kopo lake peke yake, mbali na kemikali. Na tusimwambie mtoto dawa ni pipi ili ameze. Sumu ya panya ya punje za rangi, ile ya kwenye vikaratasi, sitaki hata kujadili pa kuiweka. Isiwepo. Tumia mtego.

Kuhusu nyumba kuwa ndogo, nikuambie ukweli, udogo wake unakusaidia. Piga magoti, utembee kwa mikono chumbani na sebuleni, utazame kila kinachofikiwa na mkono wake. Waya wa jagi la umeme, ncha ya kitambaa cha meza yenye themosi juu yake, soketi ya chini, kisu kilichosahaulika kwenye beseni. Vipandishe au vifungie. Diaba la maji liwe na mfuniko wa kubana, na ndoo zisizo na maji zilale kifudifudi. Mtoto wa umri huu ana uzito mwingi upande wa kichwa, akichungulia ndoo anaingia kichwa kwanza na hawezi kujitoa. Sentimita 5 za maji zinatosha, na hatapiga kelele. Watu husubiri kusikia mtoto akilia majini. Kinywa kimeshazama, atalia na nini?

Mahali pagumu kwenu ni uani, jioni, kila mpangaji na jiko lake la mkaa chini. Huwezi kuyaondoa majiko ya watu. Unachoweza ni kumwondoa mtoto. Mwambie fundi seremala akutengenezee uzio mdogo wa mbao za mapaleti, zilizopigwa randa vizuri, nafasi kati ya mbao na mbao isipitishe kichwa chake, awekwe humo na sufuria yake na mwiko wake muda wote wa kupika, mahali mnapomwona. Mkwe atasema umemfungia mtoto. Mwambie ni saa moja ya moto, baada ya hapo anatoka. Na kama ataungua, maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, mkitoa nguo na shanga kabla hazijabana, kisha kitambaa safi na hospitali. Dawa ya meno, unga wa ngano, yai, vyote tulikuwa tukivikwangua kwenye vidonda vya watoto huku wakipiga mayowe.

Hapo ndipo nina neno na mumeo, naomba umsomee. Baba, mtoto wa miezi 17 akiungua haelewi. Anapata kovu. Kukumbuka katazo na kujizuia ni kazi ya ubongo ambayo hajaiotesha bado, ataanza kuiweza kidogokidogo karibu na miaka mitatu. Leo ukimwambia "hiyo moto" anarudia neno vizuri kabisa, na dakika ileile anapeleka mkono. Kwa hiyo hata lile kofi la mkono, mwanangu, halikumlinda. Kilichomlinda siku ile ni kizibo kilichokaza. Ushujaa wa kiume atafundishwa, muda upo. Kile kigari cha magurudumu nacho msinunue. Kanada wamepiga marufuku kuviuza tangu mwaka 2004, kwa kuwa mtoto anakimbia nacho hadi kwenye ngazi au kwenye jiko kabla mzazi hajanyanyuka, na wala hakimfundishi kutembea mapema.

Nimemweka mkwe wako karibu na mwisho kwa makusudi, maana ukimwendea ukiwa na orodha ya makosa yake utamkosa. Mama aliyelea saba hadi wakakua ana macho ya kumsoma mtoto, ameshakuthibitishia hilo kwenye meno. Usibishane naye juu ya zamani. Zamani yake ilikuwa na kuni na mafuta ya taa, haikuwa na betri za kostiki wala dawa ya chooni kwenye chupa ya maji. Hizo ni hatari mpya, naye hawezi kulaumiwa kwa kutozijua. Mwambie hivyo hasa. Kisha mpe ufunguo wa sanduku. Sikutanii, mpe yeye, auvae shingoni, awe ndiye mwenye kusema nani afungue na saa ngapi. Mtu mwenye ufunguo hulinda mlango.

Karanga, mwombe azitwange. Kwenye uji wa mtoto karanga za kutwanga ni chakula kizuri sana, na bado atakuwa anamlisha mjukuu kwa mkono wake. Nzima zisubiri hadi miaka mitano, kwa sababu magego ya kusaga ndiyo kwanza yanatoka, na karanga ikiteleza kwenda mapafuni hutolewa kwa kulazwa usingizi na kuingizwa bomba. Mahindi ya kukaanga, njugu mawe na pipi ngumu ni hivyohivyo. Kamba ya shanga ni jambo la imani na mapenzi yake, usiikate kwa mkasi mbele yake. Mwombe aihamishie mahali pengine, aitundike ukutani juu ya kitanda pasipofikika, umwonyeshe jinsi inavyoweza kunasa kwenye msumari wa mlango na kubana, au kukatika punje zikaenda kinywani.

Na mjifunze wote watatu cha kufanya mtoto akipaliwa, kwa kuwa hapo hakuna muda wa kuita bajaji. Kama anakohoa kwa nguvu na analia, mwache akohoe. Kama sauti haitoki, mwinamishe mbele, kifua chake umekishika kwa mkono mmoja, mpige mara tano katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kilichokwama kisipotoka, simama au piga magoti nyuma yake, ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta ndani na juu mara tano. Rudia hivyo kwa zamu. Usichokoe kooni kwa kidole kama huoni kilichokwama, utakisukuma ndani zaidi. Kwa mtoto wa chini ya mwaka, tumbo haliguswi: unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, mara tano mgongoni, kisha unamgeuza na kubonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Kusoma peke yake hakutoshi. Siku ya hudhurio lako lijalo la kliniki nenda na mkwe, mwombe nesi awaonyeshe kwa mdoli, na mkwe aanze kujaribu yeye, wewe na tumbo hilo ufuate.